Frateri Akichekwa



Niliwahi kumshtaki binti mmoja kwa viongozi wa kigango chetu kwa sababu aliwachekesha watu kwa kuniiga mimi. Naandika makala hii kwa kuwa nimechelewa kutambua kwamba aliyekosa siku ile si yeye.

Ilikuwa sikukuu ya somo wa kigango, pwani ya Mtwara, si mbali na mahali mto Ruvuma unapoingia baharini. Nilikuwa nimerudi likizo baada ya mwaka wangu wa kwanza wa falsafa. Baada ya Misa na pilau, vijana walitoa burudani. Kwaya iliimba, kisha akasimama binti wa VIWAWA, wa miaka kumi na tisa hivi, amejifunga shuka jeupe kama kanzu. Alitembea mchangani ameshika pindo lisichafuke, pua juu. Bibi yake katika igizo alimwomba apasue kuni. Akajibu kwamba kwanza tujiulize kuni ni nini. Bibi alipomkaribisha ugali, akasema, "Kimsingi, bibi, njaa ni dhana." Watu walicheka hadi machozi. Hakutaja jina langu, wala haikuhitajika. Neno "kimsingi" nilikuwa nimelitumia mara nne katika salamu zangu asubuhi ile.

Jioni nilikwenda kwa viongozi nikasema wito mtakatifu umedharauliwa. Binti aliitwa, akaomba radhi mbele ya vijana wenzake, na maigizo yakasimamishwa. Kabla hajaondoka alinigeukia akasema kwa upole, "Samahani, frateri. Mimi najifunza kwa Kansiime tu." Sikujua Kansiime ni nani. Likizo iliyofuata nilimtafuta binti yule katika kundi la vijana, nikaambiwa hafiki tena.

Basi nikamtafuta Kansiime. Anne Kansiime alizaliwa mwaka 1986 Mparo, katika milima ya Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda. Alisoma sayansi ya jamii Chuo Kikuu cha Makerere, na akiwa bado mwanafunzi aliingia kundi la maigizo la Theatre Factory jijini Kampala, baadaye Fun Factory. Alitangaza MiniBuzz, kipindi cha televisheni kilichorekodiwa ndani ya gari la abiria, watu wakijadili mambo ya siku. Kisha akaanza kuandika na kuigiza vichekesho vifupi vyake mwenyewe na kuviweka YouTube. Nairobi ikamwona, na Citizen TV ikarusha kipindi chake, Don't Mess with Kansiime. Leo anapanda jukwaani peke yake katika nchi nyingi, na binti wa kigango cha pwani ya Ruvuma humtazama kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Nilitazama vichekesho vyake usiku mmoja, nikitafuta ubaya wa kunihalalisha. Nilimkuta mwanamke mfupi mwenye macho makali, anayekataa kuonewa na kondakta, na mwalimu, na mpenzi mwongo. Lafudhi yake ya kwao hakuificha ili aonekane mtu wa mjini. Aliifanya jembe lake la kulimia. Na nikaona kitu kimoja zaidi: anayechekwa kwanza katika vichekesho vyake mara nyingi ni yeye mwenyewe. Yule mama mkali anayejiona ana haki daima, asiyesikia la mtu, tunamcheka Kansiime, halafu tunanyamaza, kwa sababu mama huyo tunaye nyumbani, au ndiye sisi.

Sisi wa kusini hatuhitaji kwenda Kampala kujua kazi ya kicheko. Wamakonde, huku kwetu na ng'ambo ya Ruvuma, wana ngoma ya mapiko. Mchezaji huvaa kinyago cha mti kichwani na mwili wake hufunikwa wote. Wachongaji wamechonga nyuso za kila aina, hata za wazungu watawala, na mwenye kinyago huwaiga kwa mwendo na kwa madaha. Kijiji hucheka wakubwa bila mkubwa kujua amkamate nani. Lakini kwa desturi aliye ndani ya kinyago ni mwanamume, na wanawake hawakutakiwa hata kujua ni nani. Mwanaume akimcheka mkubwa alikuwa na mti wa kujificha nyuma yake.

Kansiime hana kinyago. Binti wa kigango chetu hakuwa nacho. Walisimama na nyuso zao, na majina yao, na mama zao wakiwa wamekaa mkekani. Ndiyo maana nilimpata kwa urahisi hivyo.

Najua hoja ya upande wa pili, maana niliitumia mimi. Mtume Paulo, katika sura ya tano ya Waraka kwa Waefeso, anakataza mzaha, na neno la Kigiriki analotumia ni eutrapelia. Lakini darasani tumefundishwa kwamba Aristotle alilitumia neno hilohilo kutaja fadhila: ustadi wa mtu anayejua kutania kwa kiasi, aliye katikati ya mlevi wa mizaha na mtu mgumu asiyecheka wala kuvumilia kuchekwa. Je, wanagongana? Tukiisoma aya yote tunaona Paulo ameuweka mzaha huo pamoja na aibu na maneno machafu. Huo ndio anaoukataa. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 168, anaichukua fadhila ya Aristotle na kuipa nafasi katika maisha ya Mkristo. Anasimulia habari ya zamani kuhusu Mtume Yohane, kwamba upinde ukivutwa bila kulegezwa mwisho huvunjika, na ndivyo ilivyo roho ya mtu. Tena anakwenda mbali zaidi: mtu asiyetaka furaha kabisa na kuwazimia wenzake furaha yao, anatenda kinyume cha akili, na hilo ni kosa.

Nilipoisoma sehemu hiyo, nilijiona mimi nikitembea jioni ile kwenda kushtaki.

Sisemi kila kichekesho ni kitakatifu. Kuna mizaha inayomkanyaga kilema, mjane, maskini na mgeni, na wapo wachekeshaji wanaojaza ukumbi kwa matusi. Hata ya Kansiime mengine ni makali, na si yote ningeyaweka katika sherehe ya parokia. Kipimo changu ni rahisi: aliyechekwa ana nguvu kuliko anayecheka, au hana? Na baada ya kicheko, amebaki mtu, au amebaki takataka? Igizo la binti yule lilipita vipimo vyote viwili. Mwenye kanzu, mwenye kukaribishwa kiti cha mbele, alikuwa mimi. Na hakusema frateri ni mwongo wala mzinzi. Alisema tu kwamba bibi anahitaji kuni.

Mwezi Juni 2024, hayati Papa Fransisko aliwakaribisha Vatikano wachekeshaji zaidi ya mia moja kutoka nchi mbalimbali, akiwemo mama Whoopi Goldberg. Aliwaambia kwamba hata na Mungu inawezekana kucheka, kama tunavyotaniana na watu tunaowapenda. Kama Baba Mtakatifu aliona kicheko kinaweza kumfikia Mungu bila kumvunjia heshima, mseminari wa mwaka wa kwanza ni nani asifikiwe?

Ndugu zangu mafrateri, miaka inakuja ambapo hakuna atakayethubutu kutuambia ukweli. Tutaitwa padre, tutapewa kuku, na hotuba yetu mbaya itasifiwa mlangoni. Siku hizo tutamhitaji mtu wa kutuonyesha tunavyotembea. Na wazazi wetu wa parokia, binti mwenye kipaji cha kuigiza asiitwe mhuni kabla hajasikilizwa. Tuna wimbo, tuna ngonjera, tuna maigizo ya Noeli. Tunaweza kumpa na yeye nafasi, na mlezi wa kumsaidia kupima maneno yake. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tulimfundisha kwamba mcheza kwao huitwa ofisini.

Nimekwisha kumwandikia kumwomba msamaha. Hajajibu, na ana haki yake. Likizo ijayo nitakwenda kwao mwenyewe, na kabla ya kuzungumza lolote nitamwomba bibi yake shoka.