Sheria iliyokimbiwa na walioitunga

Tarehe 24 Novemba 2016 Bunge la Jimbo la Sindh, nchini Pakistan, lilipitisha kwa kauli moja mswada wa kuwalinda raia wa dini zenye waumini wachache. Shabaha yake kubwa ilikuwa kukomesha tabia ya kuwasilimisha kwa nguvu wasichana wa Kihindu na kuwaoza bila ridhaa yao wala ya wazazi wao. Majuma machache baadaye chama kile kile kilichokuwa na wingi wa viti katika Bunge hilo kilikuwa kinatafuta mlango wa kutokea. Januari 2017 mswada ulirudishwa bila saini ya Gavana. Haukupata kuwa sheria.

Kisa hiki kinastahili kutazamwa kwa makini na kila mtu anayeamini kwamba serikali huwekwa ili imlinde mnyonge.

Kwanza yafaa ieleweke Wahindu hao ni nani. Sensa ya mwaka 2023 iliwahesabu kuwa zaidi ya milioni 5 kidogo, pamoja na wale wa matabaka ya chini wanaoorodheshwa peke yao. Hiyo ni kama asilimia 2 ya wananchi wote wa Pakistan. Walio wengi wanaishi Sindh, hasa katika wilaya za Tharparkar, Umerkot, Mirpur Khas na Sanghar. Si wageni huko. Neno lenyewe “Hindu” lilitokana na Sindhu, jina la kale la mto mkubwa unaopita katika jimbo hilo. Mwaka 1947 wengi walihamia India. Hawa ndio waliochagua kubaki katika ardhi ya babu zao.

Wala si kundi moja. Wako wafanyabiashara wa Karachi, Hyderabad na Sukkur, ambao wana fedha, mawakili na sauti. Lakini wengi ni Wakohli, Wabheel na Wameghwar: wakulima wasio na ardhi, wanaolima mashamba ya makabaila na kufungwa humo kwa madeni yasiyokwisha. Sheria ya nchi ilipiga marufuku utumwa huo wa madeni mwaka 1992, lakini haukuisha. Krishna Kumari Kohli, aliyechaguliwa kuwa Seneta mwaka 2018, aliwahi kushikiliwa yeye na jamaa zake katika jela ya kabaila akiwa bado mtoto. Basi binti anayetoweka kijijini mara nyingi ni mtoto wa mtu wa namna hiyo.

Malalamiko yanayofika mahakamani na kwenye Tume ya Haki za Binadamu ya Pakistan, ambayo si chombo cha serikali, hufanana mno. Binti hutoweka. Baada ya siku chache hujitokeza akiwa na jina jipya, hati ya kusilimu na hati ya ndoa. Baba akienda polisi huambiwa kuwa mtoto ameondoka kwa hiari yake. Akidai kwamba ana miaka 13 au 14, huulizwa cheti cha kuzaliwa. Naye hana, kwa kuwa kijijini kwake hakuna aliyekuja kuandikisha watoto. Daktari hupima mifupa na kukadiria umri. Hakimu humwuliza binti, na binti husema amependa mwenyewe, hali tangu siku aliyotoweka amekuwa mikononi mwa watu wale wale waliomchukua.

Hapana shaka kwamba wapo wanawake wazima walioingia Uislamu kwa imani ya kweli na kuolewa na waume waliowachagua. Hiyo ni haki yao, na hapana mtu mwenye akili timamu atakayetaka kuwanyima. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ilitakiwa sheria ya kuweka mpaka baina ya mwanamke mzima aliyeamua na mtoto aliyetoroshwa.

Mpaka huo ndio uliowekwa na mswada. Ulipelekwa Bungeni na Nand Kumar Goklani, mjumbe wa upinzani na Mhindu mwenyewe. Ulisema kwamba mtu asiyetimiza miaka 18 hatahesabiwa kuwa amebadili dini mpaka afikie umri huo. Mtu mzima angepewa siku 21 za kutafakari. Atakayemlazimisha mwenzake angefungwa miaka isiyopungua 5, na adhabu ingeweza kufika kifungo cha maisha. Bunge lililoukubali, yapasa kukumbuka, lilikuwa la Waislamu kwa sehemu kubwa sana.

Ndipo kelele zilipoanza. Jamaat-e-Islami, Jamiat Ulema-e-Islam na vikundi vingine viliitangaza sheria hiyo kuwa ni vita dhidi ya Uislamu, vikafanya maandamano na kutishia kulizingira Bunge. Serikali ya jimbo ikatamka kwamba mswada utarekebishwa. Wahenga walisema kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Katika Karachi mwenye nyumba hakukosa usingizi tu. Aliiacha nyumba akakimbia.

Hoja za wapinzani zisipuuzwe. Walisema kwamba Ali bin Abi Talib alisilimu akiwa bado mtoto, kwa hiyo serikali haiwezi kuifunga imani kwa kalenda. Ni kweli kwamba imani haipimwi kwa kalenda. Lakini mswada haukumkataza mtoto kuamini moyoni. Ulikataa kuitambua hati ambayo mara nyingi huandamana na hati ya ndoa, na ambayo humzuia mtoto kurudi kwa mama yake. Tena Qurani Tukufu yenyewe inakataza kumlazimisha mtu dini, na mwaka 2023 Mahakama ya Sharia ya Pakistan iliamua kuwa serikali kuweka umri wa chini wa kuoa na kuolewa hakupingani na Uislamu. Basi waliosema kwamba dini imeshambuliwa walikuwa wanalinda kitu kingine.

Hoja nyingine ina uzito zaidi. Sheria za kuzuia kubadili dini zinaweza kugeuzwa silaha. Katika Uttar Pradesh, nchini India, amri iliyotolewa mwaka 2020 imetumiwa kuwakamata vijana wa Kiislamu kwa sababu ya kupendana na wasichana wa Kihindu. Huko msumeno uleule umegeuziwa upande wa pili. Funzo lake ni kwamba sheria njema humlinda mtu, haihesabu waumini wa dini hii au ile. Kama siku 21 kwa mtu mzima zilikuwa kikwazo kisichofaa, zingeondolewa, na kifungu cha watoto kingebaki. Lakini hawakutaka kurekebisha. Walitaka kuzika, na wakazika.

Ni nani aliyefaidika? Si mwumini wa kawaida wa Karachi anayepanga foleni ya maji. Aliyefaidika ni kabaila, ambaye ardhi ni yake, deni ni lake, na askari wa kituo cha polisi humwamkia kwa kuinama. Kwake yeye mkulima asiyeweza kumlinda hata binti yake ni mkulima asiyeweza kudai chochote. Joho la dini limefunika mwili wa unyonyaji, na wanyonge wa dini mbili wamechochewa kutazamana kwa chuki huku mnyonyaji wao akila kwa utulivu.

Lawama kubwa, hata hivyo, inakiangukia chama kilichotawala. Chama cha Pakistan Peoples Party kilianzishwa mwaka 1967 kwa ahadi ya chakula, mavazi na makazi kwa maskini. Ndicho kilichompeleka Krishna Kumari Kohli katika Seneti, na mwaka 2018 Mahesh Kumar Malani alishinda kiti cha Bunge la Taifa kutoka Tharparkar kwa tiketi yake. Chama hicho hakikukosa kura, wala hakikukosa ufahamu. Kilichokosekana ni uthabiti. Chama kinachoongoza hakina budi kwenda kwa wananchi kuwaeleza sheria kabla wachochezi hawajawaeleza uongo. Kikipiga kura asubuhi na kurudi nyuma jioni, kinamfundisha kila mchochezi kwamba serikali hupimwa kwa wingi wa mawe barabarani.

Na somo hilo lilieleweka. Mwaka 2019 Goklani alijaribu tena, akashindwa. Oktoba 2021 kamati ya Bunge la Taifa iliukataa mswada mwingine wa aina hiyo, na Waziri wa Mambo ya Dini akaeleza kwamba mazingira hayafai. Mazingira hayo yalikuwa yametengenezwa kwa kila hatua ya kurudi nyuma.

Wala isidhaniwe kwamba haikuwezekana kufanya vingine. Desemba 2020 kundi la watu liliteketeza mahali patakatifu pa Wahindu katika wilaya ya Karak. Mahakama Kuu ya nchi ikaamuru pajengwe upya, pakajengwa, na Novemba 2021 Jaji Mkuu Gulzar Ahmed akaenda mwenyewe kusherehekea Diwali na waumini hapo. Mbingu hazikuanguka. Dola iliposimama wima, wachochezi walirudi majumbani kwao.

Kwa mtumishi wa umma na mwalimu, jambo hili lina upande mwingine. Tangu mwaka 2014 Sindh ina sheria inayokataza kuoza mtoto wa chini ya miaka 18. Kwa hiyo kila ndoa ya msichana wa miaka 14 ilikuwa kosa hata bila ya mswada wa 2016. Iliwezekana kwa sababu msajili aliandika umri aliotajiwa, askari alikataa kufungua jalada, na baadhi ya mahakimu wakaona kubaleghe kunatosha. Hatima ya mtoto haikuamuliwa Bungeni peke yake. Iliamuliwa pia mezani pa karani. Na darasani, mtoto anayesoma katika kitabu kwamba jirani yake ni adui wa taifa ndiye atakayekuwa karani huyo baada ya miaka ishirini.

Tarehe 11 Agosti 1947 Mohammad Ali Jinnah aliwaambia wajumbe wa Bunge la Katiba kwamba raia wako huru kwenda katika mahekalu yao na misikiti yao, na kwamba dini ya mtu haihusu kazi ya serikali. Siku hizo hizo Jogendra Nath Mandal, Mhindu wa tabaka la chini, alikikalia kiti cha mwenyekiti wa Bunge hilo, kisha akawa Waziri wa Sheria. Mwaka 1950 alijiuzulu akahamia India, akilalamika kwamba ahadi haikutimizwa. Bendera ya Pakistan ingali na mstari mweupe ulioachwa kwa ajili ya raia wa dini nyingine. Baba asiye na cheti cha kuzaliwa cha binti yake, anayesimama mbele ya meza ya polisi Umerkot, anangoja mstari huo uandikwe katika sheria, na sheria hiyo ipate watu wa kuisimamia.