Jina la Mchezo na Jina la Mwenyewe

Hivi majuzi nilikuwa Kajiado kwa shughuli ya arusi, nikaingia mkahawani kunywa chai. Kwenye televisheni kilikuwa kikirudiwa kipindi cha zamani cha Papa Shirandula, bawabu anayemdanganya mkewe Wilbroda kwamba ana kazi kubwa ofisini. Wazee wa Kimaasai waliokuwapo walicheka hata mmoja akapaliwa na chai. Nikawauliza, "Wazee, huyu jina lake nani?" Wakajibu kwa pamoja, "Papa!" Nikasema la, nataka jina alilopewa na wazazi wake. Wote kimya.

Alikuwa Charles Bukeko. Alifariki Julai 2020, baada ya kutuchekesha katika Citizen kwa zaidi ya miaka kumi, na mahali pake hapakuwekwa mtu mwingine.

Usiku nililala Kitengela kwa binti wa ndugu yangu, nikamhadithia. Naye hakunichelea. "Ami, mbona hawakumtia mwingine? Wazungu hutia!" Kweli hutia. Katika The Bold and the Beautiful, mchezo wa Kimarekani ulioanza 1987, Ridge alikuwa Ronn Moss mpaka alipoondoka 2012. Mwaka uliofuata akaingia Thorsten Kaye, jina lile lile, wake wale wale, na watazamaji wakatakiwa wasishangae.

Nikamwambia Ridge ni suti, aweza kuivaa yeyote. Papa je? Tumbo lile, mwendo ule, utayaazima wapi? Ama Mzee Ojwang wa Vitimbi! Huyo alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu, aliyeyasema maneno kwa lafudhi ya Kijaluo hata Wajaluo wenyewe wakamwona wao. Otoyo wa Papa Shirandula naye ni Kazungu Matano, na jina hilo, wasomaji wangu wa pwani, halihitaji kuelezwa. Lafudhi ya namna hiyo si koti la kuachiwa mrithi.

"Sawa Ami," akasema, "lakini waliobaki wale nini?"

Hapo alinishika. Mkubwa wa mchezo akifa na mchezo ukafungwa, wengine hupoteza mkate wao, nao hawakufa. Kwa hivyo nasema hivi, na wenye vituo vya televisheni wanisikie: msimvishe mtu mwingine joho la marehemu, wala msifunge duka. Mzikeni ndani ya mchezo. Wilbroda akae eda, majirani waje matangani, madeni ya Papa yajulikane, na siri ya ubawabu wake ifichuke mbele ya jeneza. Hapo pana hadithi ya mwaka mzima! Mwandishi hodari angeishukuru.

Jambo la pili ni hili la majina. Kipindi kikisha, majina ya wachezaji hupita mbio, herufi ndogo kama sisimizi, na mara nyingi hukatwa ili tangazo la sabuni liingie. Huku kwetu maiti akiwekwa kaburini husomewa talkini, akaitwa kwa jina lake na la mamaye. Ojwang alipofariki Julai 2015, akiwa na miaka 78, ni wangapi kati yetu tuliomcheka tangu enzi ya Sauti ya Kenya tungalijua tumwiteje? Na kabla ya kufa alikuwa na maradhi ya macho, ikabidi wananchi wamchangie pesa za matibabu. Jina lililokuwa likijulikana nchi nzima halikumjazia mfuko.

Asubuhi, nikingoja matatu, shemeji yangu, mamake yule binti, alinisindikiza mpaka kituoni. Yeye ni mpenzi wa Mama Kayai tangu zamani. Nikamwambia bibi huyo anaitwa Mary Khavere.

"Mary Khavere," akasema. Akalirudia tena polepole, kama mtu anayetambulishwa kwa jirani aliyekaa naye miaka thelathini.