Dogo wa Kawempe na Durant: Je, Houston Waliuza Mapema?

Wasee wa Busia na Malaba, hii stori ni ya nyumbani. Khaman Maluach ni mzaliwa wa Sudan Kusini lakini amelelewa Kawempe, Kampala, na ukiwa hapa mpakani Kampala iko karibu kuliko Nairobi. 2024 alichezea City Oilers ya Kampala kwenye BAL, akaingia Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17, halafu akaenda Chuo Kikuu cha Duke. Tarehe 25 Juni 2025 akachaguliwa nambari 10 kwenye drafti ya NBA. Akavaa kofia ya Houston Rockets, lakini tayari alikuwa mali ya Phoenix Suns.

Ilikuaje? Siku tatu kabla, Rockets walikuwa wameshakubali kumnunua Kevin Durant. Bei yake: Jalen Green, Dillon Brooks, hiyo nambari 10, na nafasi tano za raundi ya pili.

Sasa swali: dogo mkali kama huyu unamweka ama unamuuza?

Muulize mwenye stoo ya mahindi hapa Busia. Ukivuna bei iko chini, ukingoja inapanda. Lakini ukingoja kuna panya, kuna wadudu, na karo haingoji. Kila mtu anauza kulingana na shida yake.

Houston walishinda mechi 52 msimu huo, wakamaliza wa pili Magharibi, halafu Golden State wakawatoa raundi ya kwanza kwa mechi 7. Walikosa msee wa kufunga wakati mambo ni moto. Kwa nafasi ya Maluach tayari walikuwa na Alperen Sengun na Steven Adams, so dogo wa miaka 18 angekaa benchi tu. Hapo kuuza kuna akili. Noma ni kwamba Durant alikuwa na miaka 36. Asipoleta taji haraka, watabaki na deni bila mahindi.

Phoenix walikuwa na shida tofauti. Walishinda 36 pekee na mtoano wakautazama kwa TV. Kwao kumweka dogo ndio mpango, na usiku huohuo wakamchukua Mark Williams kutoka Charlotte, kumaanisha Maluach hana presha ya kubeba timu mapema. Kwa maoni yetu, kila upande uliamua poa, ila Phoenix wakimuuza kabla hajakomaa, watakuwa wamelima shamba la mwingine.

Lakini mahindi hayana ndoto, dogo anazo. Kwenye hii dili yote, Maluach hakuulizwa. Mkataba wa raundi ya kwanza ni wa miaka 4, na miwili ya mwisho timu ndio huamua kama inaendelea na wewe. Kama unadunda mpira hapa mpakani ukiota NBA, jua hilo mapema: kwa drafti huchagui timu, unachaguliwa, na unaweza kuuzwa kabla hujavua kofia.

Ungekuwa bosi wa Houston, ungeuza ama ungeweka stoo?