Mzee aliyeruhusiwa hospitali naye ahesabiwe katika lishe

Natoa maoni yangu juu ya chakula cha wazee wetu wanaporuhusiwa kutoka hospitali. Mimi ni mkulima wa hapa Ufipa, na haya ninayoyaeleza tunayaona vijijini kila msimu.

Kwanza sina budi kutoa shukrani panapostahili. Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, Serikali imetambua kwamba mtu aliyetimiza miaka 60 ana haki ya kutunzwa, na wazee wasiojiweza wakawekewa utaratibu wa kutibiwa bila malipo. Baadaye, mwaka 2023, ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hizo ni hatua kubwa. Lakini zote zinahusu mzee akiwa mgonjwa mbele ya daktari. Akisharudi nyumbani, nani anamfuata?

Majirani zangu wameniletea mara kadhaa karatasi walizopewa wazee wao wakati wa kuruhusiwa, ili niwasomee. Sitaji hospitali, kwa kuwa nia yangu si kumlaumu mtu. Karatasi hizo zina jina la ugonjwa, dawa na tarehe ya kurudi. Uzito wa mgonjwa sikuuona umeandikwa, wala neno lolote juu ya chakula. Basi mzee anafikishwa kijijini kwake, labda Laela au kule bondeni Mtowisa, anawekewa ugali na mboga za majani kama watu wote, anakula matonge mawili, anasema ameshiba. Watu wa nyumbani wanasema, "Ndiyo uzee huo." Baada ya wiki chache hawezi tena kwenda kisimani, na siku nyingine anaanguka.

Ndugu Mhariri, huo si uzee peke yake. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya wazee wenye afya njema waliokubali kulala kitandani kwa siku 10. Katika siku hizo chache walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Kama mzee mzima anapungua hivyo, itakuwaje kwa mzee mwenye homa ya mapafu, asiyeweza kula, tena aliyefika hospitali akiwa tayari amekonda? Dawa huua vijidudu, lakini haiwezi kurudisha nyama iliyopotea. Nyama hiyo hurudishwa na chakula na mazoezi.

Hapo ndipo ajabu ya mkoa wetu inapoonekana. Rukwa ni ghala la Taifa. Kwa miaka mingi tumetajwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa inayolisha nchi kwa mahindi. Hata hivyo, uchunguzi wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 56.3 ya watoto wa Rukwa wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na ule wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 49.8. Maana yake ni kwamba ghala kujaa mahindi ni jambo moja na mwili kupata lishe ni jambo jingine. Sasa, nyumba ambayo mtoto wake amedumaa ndiyo hiyo hiyo anayorudishwa bibi aliyetoka hospitali. Chungu chao ni kimoja.

Lakini mtoto angalau anahesabiwa. Ana kadi ya kliniki, anapimwa uzito, na kwa mkataba wa lishe uliotiwa sahihi mwaka 2017 kila halmashauri ilitakiwa itenge Shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Uchunguzi ule wa afya nao, katika kupima uzito na urefu, hauvuki watu wa miaka 49. Bibi wa miaka 70 hapandi kwenye mizani ile. Sisemi kwamba mtoto anyang'anywe shilingi yake ili apewe mzee. Ninachosema ni kwamba asiyehesabiwa hapangiwi, na Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa Tanzania ina wazee zaidi ya milioni tatu.

Kuna watakaodhani kwamba nadai maziwa ya makopo kutoka ng'ambo. La, hasha. Wataalamu wanashauri kwamba mzee mgonjwa apate kwa siku gramu 1.2 hadi 1.5 za protini, yaani chakula cha kujenga mwili, kwa kila kilo ya uzito wake. Mzee wa kilo 50 basi anahitaji kati ya gramu 60 na 75. Tufanye hesabu ya vyakula vyetu. Unga wa dona gramu 200 una kama gramu 16. Maharage makavu gramu 100 yana kama 22. Karanga gramu 30 zina kama 7. Dagaa wakavu wa Tanganyika gramu 20 wana kama 12, na yai moja lina 6. Jumla ni gramu 63. Isipokuwa dagaa wanaotoka ziwani kwetu, vyote hivyo hupatikana katika shamba na banda la Mfipa wa kawaida.

Taabu ni kwamba maharage na mayai hupelekwa gulioni kutafuta ada za shule na mbolea, na mzee asiye na meno hawezi kutafuna yaliyobaki. Dawa yake ni maarifa tu: maharage yapondwe, karanga na dagaa vitwangwe na kutiwa katika uji wa ulezi, naye apewe kidogo kidogo mara tano kwa siku badala ya sahani mbili kubwa. Mwenye ugonjwa wa figo au kisukari apate kwanza maelekezo ya daktari wake.

Je, kumlisha mgonjwa baada ya hospitali kuna faida? Mwaka 2016 zilitangazwa habari za wagonjwa 652 wa Marekani wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Waliopewa kinywaji chenye protini nyingi, hospitalini na kisha nyumbani, walikufa asilimia 4.8 katika siku 90; wasiopewa walikufa asilimia 9.7. Ni kweli kwamba kurudishwa hospitali hakukupungua, lakini uhai si jambo dogo. Nako India, katika jimbo la Jharkhand, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa kila mwezi mchele, jamii ya kunde, unga wa maziwa na mafuta. Matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha kwamba walioongezeka uzito mapema walikufa wachache zaidi. Hicho ni chakula cha kawaida cha maskini.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, kila mzee apimwe uzito siku ya kuruhusiwa, na uzito huo uandikwe katika karatasi yake pamoja na chakula anachopaswa kula, kwa Kiswahili ambacho mjukuu wa darasa la tano ataweza kumsomea. Pili, jina lake lipelekwe kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango wa kuwapata wahudumu 137,294 nchini kwa miaka mitano ulizinduliwa tarehe 31 Januari, 2024. Mhudumu amtembelee mzee wiki ya kwanza na mwisho wa mwezi, na akiona mzee wa kilo 50 amepungua zaidi ya kilo mbili na nusu amrudishe zahanati. Tatu, kamati za lishe za halmashauri ziwaweke wazee katika taarifa zao, na asiye na mtu wa kumtunza aangaliwe kwa karibu na serikali ya kijiji na TASAF. Wenzetu wa Zanzibar walianza mwaka 2016 kuwapa wazee wote wa miaka 70 na zaidi pensheni ya Shilingi 20,000 kwa mwezi. Mzee mwenye fedha yake mkononi hahitaji kuomba yai.

Wengine watasema kazi hii ni ya watoto wa mzee. Nakubali. Lakini mtoto hawezi kutimiza wajibu ambao hakuelezwa, na wazee wengi vijana wao wako Tunduma, Mbeya au Dar es Salaam, wamebaki na wajukuu ambao wao ndio wanaowalisha.

Mwaka 1973 Taifa lilifanya kampeni ya "Mtu ni Afya," na mwaka 1975 ikafuata ya "Chakula ni Uhai." Wengi waliosikiliza redio katika vikundi siku zile ndio wazee wa leo. Waliambiwa kwamba chakula ni uhai, nao wakaamini, wakalima, wakalisha nchi. Nawaomba wahusika wa Afya na wa Serikali za Mitaa wasiwaache sasa warudi kutoka hospitali na vidonge peke yake.

Mkulima,
Laela, Sumbawanga.