Mpeni Mgeni Mwezi Mmoja

Wito huu ni wa wenyeji wa Dar es Salaam. Vijana wanaokuja mjini kuanza kazi wamekwisha kuusiwa vya kutosha: wachunge simu zao, wasisahau nyumbani, wajiepushe na makundi. Sisi tunaowapokea ndio hatujaambiwa kitu, na tunacho kitu ambacho wao hawana, nacho ni nafasi ya kuujua mji kabla ya kuulipia.

Tazameni mambo yanavyokwenda. Kijana yuko Sumbawanga, barua ya ajira inamtaka aripoti tarehe mosi. Anashuka Mbezi, Kituo cha Magufuli, akiwa na begi na siku tatu au nne mkononi. Ndani ya siku hizo awe amepata chumba, na vyumba vingi vya mji huu havipangishwi kwa mwezi. Ni kodi ya miezi sita kwa mpigo, kwingine mwaka, na juu yake mwezi mmoja wa dalali, bila kusahau hela ya kuonyeshwa. Mara nyingi hizo ni pesa za ng'ombe wa baba au za kikoba cha mama. Akikosea mtaa, hahami mwezi ujao; amefungwa hapo hadi kodi iishe.

Na kila kitu kinamsukuma akosee. Dalali humpeleka kuangalia chumba Jumapili saa nane mchana, barabara nyeupe, bodaboda inateleza. "Kituo kiko hapo tu, unatembea." Sijapata kusikia dalali aliyempeleka mteja Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo mgeni analinganisha kile kimoja anachokiona, yaani kodi, na kodi ya mbali karibu siku zote ni ndogo.

Tumfanyie hesabu basi. Mkataba unasema 700,000 kwa mwezi. NSSF inachukua asilimia 10, ambayo ni 70,000. PAYE kwenye 630,000 zilizobaki ni 42,000. Kama alisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 105,000. Kinachoingia benki ni 483,000. Wengi hupanga maisha kwa ile laki saba, kisha wanashtuka mwisho wa mwezi wa kwanza, wakati kodi ya nyumba imeshalipwa.

Sasa chumba. Tuseme kazi iko Kariakoo, chumba cha Chanika ni 50,000 na cha Buguruni, ukubwa uleule, ni 100,000. Bei hizi ni za mfano, weka za mtaa wako. Wa Chanika anapanda boda ya 1,000 hadi kituoni, kisha mabasi mawili ambayo jumla ni 1,200, na jioni vilevile: 4,400 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 114,400. Wa Buguruni anatembea hadi barabarani, analipa 600 kwenda na 600 kurudi, 31,200 kwa mwezi. Jumlisha kodi na nauli: Chanika 164,400, Buguruni 131,200. Chumba cha bei poa kimekula zaidi ya theluthi ya kile kinachoingia benki, na kijana bado hajanywa chai, maana anayetoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri chai na chapati huzinunua njiani.

Iangalieni vizuri ile boda. Watu huulizia nauli ya daladala, ambayo inapangwa na LATRA na kila konda anaijua. Kipande cha kutoka kituoni hadi mlangoni hakuna anayekipangia bei, na ndicho kinachomaliza pesa. Mvua ikinyesha kinapanda. Giza likiingia kinapanda tena, na binti anayeshuka kituoni saa tatu usiku hana uhuru wa kusema leo nibane matumizi, nitembee.

Halafu kuna muda. Saa nne za barabarani kwa siku si jambo la ajabu kwa mtu wa Chanika au Bunju anayefanya kazi katikati ya mji. Kwa siku 26 ni saa 104. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki. Maana yake mtu huyu anafanya wiki mbili na ushee kila mwezi bila malipo, tena wima, mkono kwenye bomba. Mtu wa Gongo la Mboto ataniambia yeye hukaa kwenye kiti, kwa sababu anageuza na gari: jioni analipanda likiwa bado linaelekea mwisho wa njia, analipa nauli mara mbili, anarudi nalo ameketi dirishani. Sawa. Basi na hiyo nauli ya pili tuiandike kwenye hesabu, pamoja na muda aliopoteza kwenda mbele ili arudi nyuma.

Mwendokasi umebadilisha hesabu kwa watu wa Barabara ya Morogoro tangu 2016, hilo silipingi. Lakini aliyepanga chumba Kimara mwezi Septemba hajaona Jangwani masika yakikolea, Msimbazi umepanda barabarani, mabasi yamesitishwa na watu wanatafuta njia nyingine ya kufika Kariakoo. Mwenyeji anayajua haya hata bila kuulizwa.

Sisemi kila mtu abanane Buguruni. Mwenye watoto ana mambo yake, mwenye kiwanja Bunju ana yake, na mlinzi anayeingia zamu ya usiku hukutana na foleni ikiwa upande wa pili wa barabara. Mawazo yangu ni kwamba nusu mwaka wa kwanza mtu akae karibu na kazi, hata kama ni chumba kidogo, halafu aende mbali akiwa anajua anachokiendea. Lakini hata huo ushauri wangu hausaidii kama kodi inatakiwa kesho asubuhi.

Ndiyo maana namwomba mjomba, shangazi, kaka uliyetangulia mjini: mpe sebule kwa mwezi mmoja. Godoro chini, begi nyuma ya kochi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini wahenga hawakuwahi kudaiwa kodi ya miezi sita. Jembe mpe, na si dogo: anunue umeme wa LUKU, alete unga na mafuta, adeki. Katika mwezi huo aende kazini kutoka kwako, na siku mojamoja akalale kwa mwenzake kule anakokutamani, aamke huko, apiganie gari la huko. Asubuhi mbili za namna hiyo zitamwambia zaidi ya wiki nzima ya kuzunguka na dalali. Najua nyumba zetu ni ndogo. Najua pia wengi wetu tulianzia kwenye sebule ya mtu.

Wenzake wa kazini, nanyi mna sehemu. Anapokuuliza unakaa wapi, usiishie kumtajia mtaa. Mwambie unatoka saa ngapi, unabadilisha gari wapi, maji yanatoka mara ngapi kwa wiki na unanunua ndoo kwa bei gani, LUKU ni yako au mnagawana na wapangaji wengine. Na kama una gari, tafadhali usimwambie Mbezi Beach ni nusu saa.

Wenye nyumba nimewaweka mwisho mwisho kwa sababu ombi lao ni gumu kidogo. Miezi sita mnayoidai ina sababu: kodi ya chumba cha kwanza ndiyo saruji ya chumba cha pili, na kumfuata mpangaji kila mwisho wa mwezi kunachosha. Hata hivyo, kwa anayekuja na barua ya ajira mkononi, chukueni miezi mitatu ya kwanza, ile sita ianze baadaye. Anayebaki baada ya hiyo mitatu atakuwa amechagua kubaki, na huyo hukaa miaka.

Waajiri, lenu ni la kalamu. Barua ya ajira itaje kituo hasa cha kazi na saa ya kuingia, na mtu aonyeshwe makato kabla hajafunga mizigo. Mnaoweza, mkopesheni kodi mumkate kidogo kidogo. Na pale barua inapotaja mahali alipoajiriwa, andikeni ukweli. Sheria hiyohiyo ya 2004, kifungu cha 43, inamtaka mwajiri amrudishe mfanyakazi na mizigo yake alikoajiriwa, au amlipie usafiri, mkataba unapomalizika akiwa mahali pengine. Kijana aliyetolewa Sumbawanga na kuandikiwa Dar es Salaam amenyang'anywa nauli ya kurudi siku ya kwanza, na mara nyingi husaini bila kujua.

Kwa hiyo kama unamjua mtu anayeripoti tarehe mosi ijayo, mpigie leo. Muulize ofisi iko barabara gani, anaingia saa ngapi, na mwezi huo wa kwanza atalala kwa nani.