Tahariri: Pipa la Sukari na Mizani ya Haki



Safari hii tumeona ni wajibu wetu kusema waziwazi juu ya jambo ambalo wengi wetu hulizungumza kwa kunong'ona, nalo ni upikaji wa gongo majumbani. Kuanzia Kasumulu mpakani, kupitia Kyela mjini na Ipinda, hadi Matema ufukweni mwa Ziwa Nyasa, hakuna asiyelijua neno hilo. Ng'ambo ya mto Songwe ndugu zetu wa Malawi huiita kachasu, nchini Kenya ni chang'aa, na Uganda ni waragi. Majina ni mbalimbali, lakini kilio cha familia ni kimoja.

Hatuandiki ili kuwatukana wapikaji, wala ili kuusifu ulevi. Wazee wetu waliijua pombe. Kimpumu cha ulezi kilinywewa kwa mirija, watu wameketi pamoja, na aliyezidisha alionekana na kukanywa na wenzake. Gongo ni kitu kingine. Hunywewa kwa kujificha, ni kali mara nyingi zaidi, na hakuna mkubwa anayeketi karibu kumwambia kijana kwamba sasa imetosha.

Ili tuweze kutenda haki, hatuna budi kwanza kuielewa kazi yenyewe. Sukari huyeyushwa katika maji na kutiwa hamira. Hamira ni kiumbe hai kidogo sana. Hula sukari na kutoa vitu viwili: kilevi, na hewa ile inayotokota na kufanya povu. Katika joto la bonde letu kazi hii huenda mbio kuliko kwenye baridi ya Tukuyu. Baada ya siku kadhaa kilevi kinapofikia asilimia 10 au zaidi kidogo, hamira hudhoofika, mtokoto hukoma, na yale mavumbi yaliyokuwa yakielea huanza kutuama chini. Mwenye subira huyaacha maji yatulie hadi yaangaze, kisha huyahamisha polepole na kuliacha tope la hamira nyuma. Asiye na subira huchemsha vyote pamoja. Tope hilo huungua chini ya pipa, na kinywaji hutoka na harufu mbaya na ladha ya kuungua.

Wakulima wa kakao wanatuelewa vizuri. Wao huvundika mbegu mbichi kwa siku tano hadi saba, wakizigeuza kwa utaratibu, na hakuna anayetarajia kakao bora kwa kuianika siku ileile ya kupasua. Chachu inayofanya kazi katika ule ute mweupe wa kakao ni ndugu wa hamira iliyo katika pipa la sukari. Tofauti ni kwamba mwenye kakao hufanya kazi yake mchana, mbele ya majirani na bwana shamba, na mzigo wake hupimwa na kukaguliwa kabla ya kuuzwa. Mpika gongo hufanya kazi usiku akisikiliza nyayo. Kazi ya kuibia haina subira. Hofu humfanya achemshe mapema, atumie pipa lolote lililopatikana, hata lililobeba dawa za shambani, na aunge mabomba kwa risasi, ambayo ni sumu inayojilimbikiza mwilini. Haraka haraka haina baraka, na hapa baraka inayokosekana ni uhai wa mtu.

Aidha tunapenda kuondoa dhana moja potofu. Wengi hudhani kwamba vifo vya halaiki hutokana na upishi mbaya peke yake. Sukari safi iliyochachuliwa kwa hamira hutoa kiasi kidogo mno cha ile spiriti ya sumu iitwayo methanoli. Methanoli inayoua kwa makumi, aghalabu, ni ile ya viwandani, iliyoongezwa na mfanyabiashara mwenye tamaa ili kinywaji kiwe kikali na faida iwe kubwa. Mwezi Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa jijini Nairobi kwa kinywaji cha namna hiyo, na mwaka 2010 huko Kabale, Uganda, walikufa watu wapatao 80. Mwili huigeuza methanoli kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho. Dalili zaweza kuchelewa hata siku nzima: kichwa, kutapika, kuona ukungu, kisha upofu au kifo. Mgonjwa akifikishwa hospitali mapema anaweza kuokolewa. Lakini ni nani atakayempeleka ndugu yake hospitali, ikiwa anaogopa kwamba swali la kwanza litakuwa ni la polisi?

Sasa tuutazame mfuko wa mpikaji. Kwa kanuni za maumbile, kilo moja ya sukari hutoa kilevi kisichozidi takriban nusu kilo, kwa kuwa karibu nusu nyingine hupotea hewani. Mama aliyenunua sukari kwa bei ya dukani, akanunua kuni, akapoteza sehemu kwa kuungua na kumwagika, hubaki na kidogo sana. Na katika hicho kidogo bado wapo wanaodai sehemu yao. Yanasikika malalamiko kwamba baadhi ya wenye dhamana ya kusimamia sheria hupita kukusanya chochote, na mwezi ambao chochote hakikupatikana ndio mwezi wa kukamata. Tunasema bila kificho: sheria inayouzwa imekwisha kuwa mradi wa mtu binafsi.

Sheria yenyewe ipo. Tangu mwaka 1966 Tanzania inayo sheria ya kudhibiti utengenezaji wa kinywaji hiki, ambacho sheria inakiita moshi, na kukipika bila leseni ni kosa. Hatumshauri mtu yeyote aivunje. Lakini tunauliza, baada ya miaka zaidi ya 50, imemfikia nani? Anayepelekwa mahakamani mara nyingi ni mama mwenye pipa moja na watoto wanne. Mwenye kuleta spiriti ya viwandani kwa madumu haonekani kizimbani. Kenya waliifuta marufuku ya chang'aa mwaka 2010, wakaweka masharti ya leseni na chupa, na hata hivyo vifo havikukoma, kwa sababu wapikaji wadogo hawakuweza kuyafikia masharti hayo. Hapa kwetu viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, na jambo hilo lilikuwa jema kwa vijana. Lakini kiu haikuondoka pamoja na viroba. Kwa hiyo marufuku peke yake haitoshi, na ruhusa peke yake haitoshi.

Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, na fedha ikaonekana Kyela. Lakini mikakao imesimama katika ardhi ya akina baba, na mama ambaye hana shina hata moja kwa jina lake hakuonja bei hiyo. Yeye alibaki na pipa. Jambo la kusikitisha ni kwamba sehemu ya fedha ya kakao ilimfikia kwa njia ya mume wa mwenzake, aliyekuja kunywa. Watoto wa nyumba moja walisomeshwa kwa njaa ya watoto wa nyumba nyingine. Hilo, ndugu zetu, ndilo suala la haki lililofichwa ndani ya suala la pombe.

Kutokana na hayo tunaziomba jumuiya zifanye mambo manne. Kwanza, kila jumuiya iwatambue akina mama wanaoishi kwa pipa, si kwa kuwataja hadharani, bali kwa kuwaingiza katika vikundi vya kuweka na kukopa, ili wapate mtaji wa mpunga, mawese au dagaa. Pili, akina baba wenye mikakao wakubaliane na wake zao juu ya mgawo wa mapato kabla ya mnada, si baada yake. Tatu, yeyote anayedaiwa fedha bila stakabadhi aitoe habari hiyo kwa Tume au kwa TAKUKURU, nasi tutasimama naye. Nne, mtu akiugua baada ya kunywa apelekwe hospitali mara moja, na tunawasihi viongozi wa serikali watamke hadharani kwamba hakuna atakayekamatwa kwa kumwokoa mwenzake.

Maji machafu hayasafiki kwa kupigwa fimbo. Huachwa yatulie, kisha tope likatengwa na kilicho chema. Jamii nayo haitakaswa kwa misako ya usiku. Tuanze na nyumba zetu, na tuanze mwezi huu.