Ramani Hainyeshi Mvua

Wapo maofisa wanaodhani kwamba zao hupandwa kwa rula. Watu wa namna hiyo wakifungua ramani na kuona kwamba Dodoma na Mpanda ziko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na kwamba zote zimeinuka kiasi cha mita 1,100 juu ya bahari, huamua papo hapo: zabibu nyekundu ya Dodoma itastawi vilevile Kasokola. Huo ni upotofu, na gharama yake itabebwa na mkulima.

Dodoma hupata mvua ya milimita 600 au pungufu kwa mwaka. Mpanda, nchi ya miombo, hupata zaidi ya 900. Tofauti hiyo ndiyo inayoumba tabia ya tunda. Mzabibu uliobanwa na kiu huzaa punje ndogo, na uwiano wa ganda kwa maji yaliyomo huongezeka. Katika ganda hilo ndimo ilimo rangi ya mvinyo mwekundu, pamoja na ule ukakasi unaokamata ulimi. Mzabibu ulioshiba maji hukimbilia majani. Punje hufura, sukari huzimuliwa, na unyevu hukaribisha ubwiri na kuozesha vichala kabla ya kuvunwa. Hata hukohuko Dodoma, ambako wakulima huvuna mara mbili kwa mwaka, mavuno ya kiangazi hayafanani na yale yanayoiva mvua ikingali inanyesha.

Zabibu iitwayo Syrah hutoa mvinyo wenye harufu ya pilipili manga katika bonde la Rhône, Ufaransa. Katika joto la Barossa, Australia, zabibu hiyohiyo hutoa mvinyo mzito wenye ladha ya matunda yaliyoiva sana, na jina lenyewe limegeuka kuwa Shiraz.

Nchi hii ilikwisha kulipa ada ya somo hili. Mwaka 1947 Waingereza walivamia Kongwa, Dodoma, kwa matrekta ili walime karanga bila kuuliza mvua wala udongo. Mwaka 1951 waliacha. Mkoa uliozikataa karanga zao ndio huo huo ulioipokea mizabibu!

Mzabibu wataka nguzo, waya na dawa, na miaka miwili au mitatu ya kungoja. Ukishindwa Kasokola, hasara itabaki kwa mkulima aliyeacha mahindi yake. Ofisa atakuwa amekwisha kuhamishwa. Basi wataalamu wa Makutupora watangulie na mashamba madogo ya majaribio kwa gharama ya Serikali. Wapange upogoaji ili tunda liive katika kiangazi cha Katavi, baada ya Mei na kabla ya mvua za Novemba, kwa maji ya kumwagilia yaliyopimwa. Mvinyo ukipatikana, chupa iandikwe Kasokola, wala isiazimwe jina la Dodoma.